Kichwa cha Kumi

Jumamosi, 13 Septemba

Bustani tena. Watoto tisa, hesabu kumi. Hakuna aliyeanguka. Mmoja amekojoa kwenye suruali. Siku nzuri.

Kazi yangu ni kuhesabu. Naipenda kwa sababu haihitaji maneno mengi. Tantine Esta, mdogo wake Mama, ana kreshi ya kulea watoto kwenye fleti yake hapa Overport. Jumamosi wazazi wakiwa sokoni au saluni, yeye huwatoa watoto nje. Anasema mtoto aliyefungiwa ndani huoza kama ndizi kwenye mfuko. Wanashika kamba moja yenye vitanzi kumi. Yeye mbele, mimi nyuma. Tukifika nahesabu. Tukivuka kwenye robot, taa za barabarani, nahesabu. Tukiondoka nahesabu.

Leo nimeona aibu. Mwanamke mmoja kwenye benchi alinisikia nikisema kumi, akanisahihisha kwa Kiingereza, kwa upole: ni tisa. Nilijifanya nafunga kiatu. Ningemwambia nini?

Ningemwambia kuhusu Bukuru. Ana miaka minne. Alikuwa na pacha, Butoyi, aliyekufa mwaka jana wakati wa baridi. Kifua. Mama yao anatoka Burundi, anauza nguo karibu na stendi ya taxi kule Isipingo. Katika familia yao pacha hahesabiwi peke yake. Ukimhesabu mmoja tu, umemwambia aliyebaki kwamba naye apunguzwe. Kwa hiyo Bukuru hupewa biskuti mbili, vikombe viwili, vitanzi viwili. Na mimi nikifika kwenye kichwa chake husema namba mbili: tisa, kumi. Tantine aliahidi siku ya msiba. Hawezi kurudi nyuma.

Nilimjua Butoyi. Walifanana mpaka Tantine alikuwa anawatofautisha kwa rangi ya soksi.

Jumamosi, 20 Septemba

Bustani ya bata. Majani mapya kila mahali. Hadeda, wale ndege wa midomo mirefu, wanatembea kwenye nyasi na kupiga kelele kama watu wanaogombania kiti. Merveille, ambaye ana miaka mitano na anajiona mkurugenzi, aliwaambia wenzake kwamba Yaya Riziki, ndiye mimi, anaogopa ndege. Ni kweli kidogo.

Kwa sababu ya aibu ya wiki iliyopita, niliamua kuhesabu kimyakimya. Mkono juu ya kichwa, namba moja. Kichwa kingine, namba nyingine. Mwishoni niongeze moja ya Butoyi. Huwa siangalii nyuso. Naangalia mkono wangu.

Nikafika kumi. Nikasema, "Kumi, Tantine." Akasema, "Bon, twende." Tukaenda.

Saa tisa nilikuwa naosha vikombe. Nikiwa na kikombe cha saba mkononi nikakumbuka kwamba sikuongeza.

Sikuongeza chochote. Niligusa vichwa kumi.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu watu wa safu ya mbele, mara ya kwanza kumi na wanne, mara ya pili kumi na wanne, mara ya tatu kumi na wanne. Kuhesabu najua.

Labda niligusa kichwa kimoja mara mbili. Watoto wanasogea. Ndiyo. Ni hivyo.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua. Hatukutoka. Nimewahesabu sebuleni mara nne, kichwa kwa kichwa. Tisa. Tisa. Tisa. Tisa. Na Butoyi kumi.

Nimefurahi sana mpaka nikasoma hadithi kwa sauti mbele yao wote, jambo ambalo silipendi. Merveille alisema nasoma kama redio iliyoishiwa betri.

Halafu, wakati wanavaa viatu kwenda nyumbani, wazo likanijia na sasa haliondoki. Ndani wako tisa. Nje ndiko nilikopata kumi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Likizo. Sasa tunatoka kila siku mvua ikikosekana, na mimi nipo kila siku.

Leo uwanja wa michezo ulio karibu, chini ya Overport. Kuna ule ubao mrefu wa kuketi wawili, mmoja huku na mwingine kule, huyu akishuka yule anapanda. Nilikuwa namfuta kamasi mtoto mwingine. Nilipoinua macho Bukuru alikuwa ameketi upande mmoja. Peke yake.

Alikuwa juu. Miguu yake ilikuwa hewani.

Upande wa pili haukuwa na mtu, na ulikuwa umegusa ardhi.

Nikasema moyoni chuma kimeshika kutu. Nikaenda. Nikaweka kidole kwenye ule upande mtupu, kidole kimoja tu, nikauinua. Ulipanda kirahisi. Bukuru akashuka taratibu, akanikasirikia.

"Yaya, umemusukuma."

Sikuandika insha ya shule kama nilivyopanga. Nimekaa tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejaribu kumwambia Tantine. Nilijiandaa tangu asubuhi, nikapanga sentensi. Nilipofika kwenye ubao akacheka.

"Riziki, unasoma vitabu mingi. Kichwa yako imejaa. Enda ukunywe maji."

Merveille alikuwa anasikiliza, kama kawaida. Akasema bila kuinua macho kutoka kwenye rangi zake, "Butoyi iko anakanyaga kiatu yangu nyuma. Kila siku." Alisema kama anavyoshtaki mtoto yeyote. Tantine akaacha kucheka, akamwambia achore.

Mchana, bustanini, nikaketi karibu na Bukuru. Biskuti moja alikula. Nyingine aliiweka kwenye nyasi pembeni yake. Nikamuuliza kwa sauti ya chini Butoyi huenda wapi tukiondoka.

"Anabakia."

"Anafurahi?"

Akafikiri. "Hapana. Anasema si sawa. Kila siku ni mimi minarudi nyumbani."

Biskuti ya nyasini haikuwepo tulipoondoka. Kuna hadeda, kuna sisimizi, kuna mbwa wa watu. Nayajua yote hayo. Lakini naogopa, na sasa najua naogopa nini. Siku moja Bukuru atamfuata. Na mimi ndiye ninayehesabu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio ili nielewe.

Tulienda hifadhini, ule msitu mdogo wa upande wa Berea. Tantine alitaka watoto waone tumbili. Waliwaona wanne. Mmoja aliiba chapati na watoto walishangilia. Saa tano ukungu ukashuka. Miti ya mbali ikatoweka, kisha ya karibu. Tantine akasema basi, turudi.

Akawapanga kwenye kamba langoni. Nilikuwa nimeapa kwamba leo sitahesabu kwa mkono tu. Nitaangalia nyuso. Nikaanza mbele. Saba wa kwanza, mmoja mmoja, jina na uso. Merveille, wa nane. Bukuru nyuma yake. Uso wa Bukuru, sweta ya njano ya Bukuru. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Kilikuwa kimelowa na baridi sana. Nikafikiri ni ukungu. Nikasema tisa, nikasema kumi.

Nyuma yake hapakuwa na kichwa kingine. Kitanzi cha mwisho kilikuwa kitupu. Nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli: leo yule hayupo.

Barabara ya pale ina kona mbaya. Tantine alikuwa amebeba mmoja aliyekuwa analia, akanituma mbele nisimamishe magari. Kwa hiyo nyuma hapakuwa na mtu mzima. Kutoka langoni hadi robot ni dakika tatu, labda nne. Taa ikawa nyekundu, tukasimama, nikageuka kuhesabu.

Nane. Vitanzi viwili vya mwisho vilikuwa vinaburuta chini.

Merveille akasema, "Nilikuwa namushika mukono. Ilikuwa baridi sana, nikamuachilia."

"Umemuachilia wapi?"

"Hapa."

Nikakimbia. Sijawahi kupiga kelele mbele za watu. Leo nimeita jina lake kwenye barabara nzima, langoni, kwenye njia, kwenye miti. Hakuitika mtu. Nilishuka mpaka bondeni, kule chini kabisa ambako njia inaishia kwenye kijito. Nikikimbia nilitumia dakika zaidi ya kumi, na nina miguu mirefu.

Alikuwa ameketi kwenye gogo. Mikono juu ya magoti, kama mtoto anayesubiri kuitwa na daktari. Sweta ya njano. Nikamshika. Alikuwa mkavu. Nywele kavu, sweta kavu, na mimi nilikuwa natiririka maji ya ukungu.

"Bukuru, unafanya nini hapa?"

"Nilimupa zamu yangu. Anataka kumuona Mama."

"Na wewe?"

"Mimi nitabakia ku nafasi yake."

Nilimbeba mgongoni hadi juu. Hakulia. Alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma. Nilihisi kidevu chake kikipita begani kwangu, huku na huku.

Tantine anasema aliteleza kutoka kwenye kamba akarudi msituni. Amelisema hilo mara tatu. Mara ya tatu alivunja sahani.

Kosa ni langu. Kichwa kimoja, namba mbili. Sikuuliza kichwa ni cha nani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hatukutoka. Hewa nzuri, jua, na watoto wamegonga madirisha siku nzima.

Mama Bukuru alikuja mapema kumchukua mwanawe, Tantine alikuwa amempigia simu. Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti juu, na Tantine akamwambia yote, pamoja na yale ambayo hakuyaamini aliponisikiliza Jumanne. Kisha wakaniangalia mimi.

"Ulimugusa?" Mama Bukuru akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kichwa yake ilikuwa aje?"

Nilifikiria kudanganya. Ningeweza kusema kilikuwa cha kawaida, cha joto. "Baridi," nikasema. "Imelowa."

Akafumba macho. Halafu akauliza swali ambalo naliandika hapa kwa sababu sitaki kubaki nalo kichwani peke yangu.

"Amekua?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Butoyi alikufa na miaka mitatu. Mtoto niliyemgusa langoni nilimgusa bila kuinama zaidi. Alilingana na Bukuru.

"Wanalingana, Mama," nikasema.

Alilia, lakini kwanza alitabasamu. Nimeliona tabasamu hilo. Naona lilikuwa baya kuliko kilio.

Baadaye akasema, si kwangu, ni kama anaisemesha sakafu, "Basi ni sisi tunamukuza." Biskuti mbili. Vikombe viwili. Namba yake kila tukitoka, mara tatu, kwa mdomo wangu.

Tantine akamshika bega. "Dada yangu, huyu iko hai. Huyu ndiye Butoyi atatunyang'anya."

Mama Bukuru alisema kuna maneno ya kumuaga pacha aliyekufa. Wakati wa msiba mama yake mwenyewe, kule Burundi, alimwomba wayaseme kwa simu. Yeye alikataa. Alikata simu. Hayajui maneno hayo. Anayajua bibi huyo tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bukuru hakuja kreshi. Hakuna aliyetoka. Nimesoma kurasa mbili za kitabu siku nzima na siwezi kusema zilihusu nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tulikwenda hifadhini wanne tu. Mama Bukuru, Tantine, Bukuru na mimi. Mama Bukuru hakwenda Isipingo, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Alivaa kitenge cha kanisani.

Saa nne asubuhi. Hapakuwa na ukungu. Watu wawili walipita wakikimbia na vitu masikioni. Tulishuka mpaka kwenye gogo. Mimi nilimshika Bukuru mkono na nilikatazwa kuuachilia kwa sababu yoyote.

Mama Bukuru akampigia bibi, akaweka sauti kubwa. Sauti ya bibi ikatoka, ndogo, ya mbali, na jogoo nyuma yake. Anasema sentensi ya Kirundi, Mama Bukuru anairudia akiielekeza kwenye miti. Sentensi, kurudia. Mimi Kirundi sijui. Nilisikia tu jina, Butoyi, Butoyi.

Bukuru akaanza kuvuta. Kwanza kidogo. Kisha kwa nguvu zote, kuelekea kijito. Nilimshika kwa mikono miwili. Aliniuma kidole. Sikuachilia. Kuna wakati nilihisi mvuto wenyewe umeongezeka, kama anavutwa na mwingine upande wa pili, na visigino vyangu viliteleza kwenye majani. Nasema nilichohisi. Mtoto wa miaka minne hana uzito huo.

Na hapo mtandao ukakatika.

Mama Bukuru akaita, "Mama? Mama?" Simu kimya. Akapiga tena, haikuita. Bondeni mtandao ni mbaya, tungejua kama tungefikiri. Tantine akasema tupande juu tupige tena. Bukuru alikuwa anapiga mayowe. Mama Bukuru akatazama simu, akamtazama mwanawe, akaona visigino vyangu.

Akaiweka simu kwenye mfuko. Akaenda peke yake hadi ukingoni mwa kijito, akachuchumaa kama mtu anayeongea na mtoto mfupi, akamalizia mwenyewe. Hayakuwa maneno ya bibi, hayo yalikuwa yamekatika na simu. Ilikuwa sauti ya mama yeyote asubuhi anapomhimiza mtoto aende, atachelewa. Alisema kidogo. Alinyoosha mkono, akausogeza hewani, akaushusha.

Mvuto ukaisha ghafla. Nilianguka chali, Bukuru juu yangu. Alilia njia nzima ya kupanda. Si mayowe tena. Kilio.

Langoni hakuna aliyeniambia nihesabu. Nilihesabu. Wanne.

Jumapili, 12 Oktoba

Kidole kimevimba. Mama ameniuliza nimeumwa na nini. Nimesema mtoto. Ni kweli.

Namsikitikia Butoyi. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi. Alikuwa anataka kurudi nyumbani tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Leo nimerudi kreshi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Bustani ya bata. Jakaranda zimeanza kuchanua na watoto wanaokota maua yaliyoanguka na kuyavaa kwenye vidole. Tantine amekata kitanzi kimoja cha kamba.

Bukuru hajanipa mkono. Amemkumbatia Tantine, amenipita mimi. Anaona nilimshika siku ile nikamnyima kitu, na ndivyo ilivyokuwa. Naumia, lakini ni sawa.

Alipewa biskuti moja. Akaiangalia pande zote mbili. Nilisubiri aulize ya pili. Aliivunja katikati, akashika vipande viwili muda mrefu, akala kimoja, halafu akala kingine.

Kabla ya kuondoka nikahesabu. Kwa sauti, nikiangalia nyuso. Kichwa cha Bukuru kilikuwa cha mwisho. Nikasema tisa, nikanyamaza. Midomo yangu ilitaka kuendelea, nikaifunga.

Akainua uso. "Hesabu tena, Yaya."

Nikahesabu tena, taratibu, tangu mbele. Tisa.

"Tena."

Merveille akasema, "Eish, tutalala hapa?" Nikahesabu tena. Bukuru alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama njia tuliyokuja nayo, kisha akashika kitanzi chake.

Tulifika kreshi saa saba. Mvua haikunyesha.